Mwalimu Aliyemeza Maganda

Mwalimu wa kwaya yetu hakutema mate. Kwa miaka yote niliyomfahamu, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma tu hapa mtaani Manyatta, sikumwona hata siku moja akitoa kitu mdomoni na kukitupa chini. Mbegu ya chungwa aliimeza. Mwiba wa samaki aliutoa kwa vidole viwili, akautazama kana kwamba umemkosea adabu, akauficha chini ya ugali. Miwa hakula kabisa, kwa sababu miwa hailiki bila kutema.

“Huwezi kutoka kumwimbia Mungu halafu usimame nje uteme ukutani kama mlevi,” alituambia. Aliyeonekana akitema karibu na kanisa alipewa fagio, hata angekuwa mzee wa kanisa mwenyewe.

Alikozaliwa sikujua wala sikuuliza. Nilimkuta akiwa amekwisha kustaafu ualimu wa shule ya msingi, mtu mfupi mwenye vidole virefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua la Kisumu likiwa linachoma. Mtaa mzima ulimwita Japuonj, yaani mwalimu, pamoja na wale ambao hawakuwahi kuimba chochote. Mimi ni fundi wa nguo. Majoho ya kwaya nimeyashona mimi, na katika kwaya niliimba sauti ya pili. Aliniita nyathina, mtoto wangu, ingawa nilikuwa na watoto wangu tayari.

Alikuwa na vituko vyake. Aliyechelewa mazoezi alipokelewa kwa upole: “Karibu, makosa yako tumekuwekea.” Lakini mwimbaji mzuri alimtesa. Angekurudisha kwenye mstari mmoja mpaka machozi yakutoke, na siku utakapouimba sawasawa angegeuka kutazama dirishani, asiseme neno. Hapo ndipo ulijua umefaulu. Tukiimba ovyo aliinua kidole kimoja, nasi tukanyamaza. “Sijasikia maneno,” alisema. “Nasikia kelele iliyovaa joho zuri.” Mara zote alinitazama mimi akilisema hilo la joho, nami nilicheka ndani kwa ndani.

Maneno aliyapenda kuliko sauti. Kila silabi lazima itoke nzima. Lakini mtu huyo huyo hakuwa na neno hata moja la mwili wa binadamu. Kwake kila kitu kuanzia shingoni hadi magotini kiliitwa tumbo. Tulikwenda misiba ya mbali, tukakaa kutwa nzima, na sikumwona akiuliza choo kiko wapi. Kanisani alisubiri hadi mtu wa mwisho aondoke ndipo aelekee nyuma ya jengo, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kukagua mahindi. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alinichekea juu ya ua siku moja akaniambia, “Huyu wako tumezaa naye watoto wanne, na bado akienda choo anasema anaenda kuangalia kuku.”

Alikuwa mvutaji sigara vilevile. Alijificha nyuma ya jikoni akidhani hatujui, ilhali moshi ulipanda juu ya paa mchana kweupe. Kikohozi kilipomzidi, daktari akamwambia achague, sigara au pumzi. Mama ndiye aliyemsaidia. Walikuwa na kipande cha shamba upande wa Awasi, na huko alikuwa akipanda alizeti kidogo kwa ajili ya kuku. Msimu ule alipanda nyingi. Alizikaanga mbegu kwenye sufuria kwa chumvi, akamjazia mumewe mfuko wa koti. Alipotamani sigara, mkono ukaingia mfukoni ukatoka na alizeti.

Sigara iliisha kweli. Tulimshukuru Mungu kwa maombi na kwa vigelegele. Sauti yake ilirudi, hata akawa anawaonyesha kina mama wa sauti ya kwanza zile noti za juu bila kukohoa.

Lakini alizeti huliwa kwa kubanguliwa. Unaiweka kwenye meno, unaipasua, unakula kiini, unatema ganda. Yeye kutema hawezi. Mwanzoni alibangua kwa kucha, ganda akalitia mfuko mwingine. Kucha zikachoka. Na kwenye mazoezi mkono mmoja ulikuwa unatuongoza, ule mwingine ungembanguliaje peke yake? Basi akaanza kutafuna yote pamoja na kumeza. Mchana alimeza, jioni alimeza, akitembea, akisoma gazeti, akituongoza. Ulisikia kra, kra, kra katikati ya pambio.

Jambo hilo likawa mjadala wetu wa kila baada ya mazoezi. Mmoja wa waimbaji wa besi alikuwa na duka la agroveti, la mbegu na dawa za mifugo, na ndiye aliyelianzisha.

“Mwalimu, hiyo maganda ikitoka kwa mashine ya mafuta, sisi tunauzia watu wa ng’ombe.”

“Na ng’ombe wao hawatoi maziwa?”

“Ng’ombe anacheua, Mwalimu. Wewe unacheua?”

Tuliangua kicheko, na Mwalimu akacheka pia, mdomo umefumbwa. Aliyekuwa hacheki ni Sista, muuguzi mstaafu aliyeimba sauti ya pili kando yangu.

“Mwalimu, mimi nakwambia kama dada yako,” alisema. “Ukimeza moja mbili kwa bahati mbaya, haina neno, itapita. Lakini ganda ni kama kuni. Tumbo haiwezi kuyeyusha kuni. Ukimeza maganda ya kujaa kiganja kila siku, itajikusanya mahali. Tena ina ncha.”

“Si ninyi watu wa hospitali mnasema tule vitu vyenye nyuzi?”

“Nyuzi ya sukuma wiki, si ya ubao.”

“Sista, nimekula muda gani? Umeniona nimeanguka?”

Huo ndio ulikuwa ushahidi wake, kwamba amesimama. Na kwa kuwa alisimama, wengine wakamwiga. Kulikuwa na mama mmoja, mwimbaji wetu mkuu wa sauti ya kwanza, anayepika katika shule ya chekechea. Huyo aliamini kwamba maganda ndiyo yaliyomsafisha Mwalimu koo. Akaanza kununua alizeti sokoni Kibuye na kumeza kama yeye. Baada yake wakafuata wengine. Kwaya ikawa inatafuna kama banda la kuku, na hakuna aliyetema.

Nilianza kuhofu siku ile ya msiba wa Usenge. Tulikwenda kumzika mama wa mmoja wetu. Omena, dagaa wa ziwani, ilikuwa imeanikwa kwenye nyavu mpaka karibu na boma, na watu walikuwa wengi. Mwalimu alituongoza akiwa ameketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jasho lilimtiririka kisogoni, kola ya shati ikalowa. Chakula kilipoletwa alisukuma sahani.

Mama alinivuta pembeni. “Anaharisha,” alininong’oneza. “Siku kadhaa sasa. Duka la dawa wamempa vidonge vya kufunga tumbo, na maumivu yanazidi tu.”

Sista alisikia. Alimwendea Mwalimu moja kwa moja. “Unaharisha maji peke yake? Na ukikaa unasikia kama kuna kitu kizito kinataka kutoka na hakitoki?”

Mwalimu alitazama huku na huku. “Sista, tuko kwa msiba.”

“Mwalimu, nijibu.”

“Ni tumbo tu,” alisema, akainuka kwa kushikilia kiti, akatuita tuimbe.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa nikimsikia kutoka upande wangu wa ua. Alitembea akizunguka nyumba, kiganja ukutani, akiguna. Hakulala chini wala hakuketi. Asubuhi moja kuguna kukageuka kuwa kilio, na Mama akaniita kwa jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulimwingiza kwenye tuktuk akiwa amepiga magoti juu ya kiti, uso ameuegemeza kwenye turubai la nyuma, maana kukaa hakuweza.

Hospitalini, daktari alikuwa msichana mwenye umri wa binti yake wa mwisho. Alimwuliza vizuri, kwa heshima. “Baba, maumivu iko wapi?”

“Tumbo.”

“Mara ya mwisho kwenda haja kubwa ilikuwa lini?”

Mwalimu alinitazama. Nilitoka nikasimama nje ya pazia, lakini pazia ni kitambaa tu.

“Sikumbuki,” alisema.

“Unatumia chakula gani sana?”

Aliyejibu ni Mama. “Daktari, ni alizeti. Anameza na maganda yake. Kila siku anameza.”

Hapo nikasikia glavu zikivutwa.

Alitueleza baadaye, mimi na Mama, kwenye benchi la ukumbini. Maganda hayakuyeyuka. Yalikuwa yameshuka na kujazana mahali pa mwisho pa utumbo, yakashikana yakawa kitu kimoja kigumu kama simiti, na kila upande kina ncha. Yale maji yaliyodhaniwa kuwa kuharisha yalikuwa yanapenya pembeni tu, kwa hiyo vile vidonge vya kufunga tumbo vilikuwa vinaongeza kifungo juu ya kifungo. Walimpiga bomba la maji kwa nyuma ili afunguke, likashindwa. Ikabidi adungwe sindano ya usingizi ili wayatoe kwa mkono, kidogo kidogo, huku damu ikitoka. “Mngechelewa,” daktari alisema, “utumbo ungeweza kupasuka.”

Kabla ya hiyo sindano alipiga kelele. Mtu aliyetufundisha kushika pumzi, kuipima, kuitoa taratibu, alilia bila mpangilio wowote. Mama aliziba masikio. “Mimi ndiye nilizipanda,” alisema. “Mimi ndiye nilizikaanga. Nilikuwa natia na chumvi azipende.” Nilimshika mkono. Alikuwa amemwokoa na sigara, na hilo pia lilikuwa kweli.

Mwalimu alipozinduka, neno lake la kwanza kwetu lilikuwa amri. “Watu wakiuliza, ni homa ya matumbo.” Akafumba macho, akaongeza, “Na si uongo sana. Ni matumbo.”

Tukasema homa ya matumbo. Kanisa likachanga maombi na uji. Waimbaji walikuja kumwona wodini, na yule mama wa sauti ya kwanza alimletea kifuko cha alizeti kama zawadi. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini ya mto, akamshukuru. Nilimwangalia, akanikwepa.

Alirudi nyumbani akiwa dhaifu, anakunywa maji na papai. Alizeti aliacha, nasi tulipumua. Lakini kwaya haikuacha, kwa kuwa haikujua. Siku moja kwenye mazoezi, ambayo tuliyaendesha wenyewe, nilimwona yule mama ameshika ubavu, midomo imemkauka. Nilimwuliza. Akaniambia tumbo linamwendesha, na amenunua vidonge vya kulifunga.

Nilikwenda kwa Mwalimu jioni ile ile, jua likiwa bado juu. Alikuwa ameketi kwenye mto mlangoni, akinywa chai.

“Japuonj, yule mama wa sauti ya kwanza anashika tumbo.”

“Mwambie aende hospitali.”

“Amekwenda duka la dawa. Amepewa vidonge vya kufunga.”

Alikiweka kikombe chini. “Mwambie wewe basi.”

“Nitamwambia leo hii. Lakini hatanisikia mimi, Mwalimu. Anakula kwa sababu yako. Na si yeye peke yake.”

“Unataka nisimame mbele ya watu nizungumze vitu vya chooni?”

“Nataka wasilie kama ulivyolia.”

Uso wake ulibadilika. Kwa muda nilidhani amenichukia. “Nenda nyumbani, nyathina,” alisema.

Nilikwenda kwa yule mama. Kama nilivyohofia, alinisikiliza kwa adabu, akacheka. “Mwalimu mwenyewe anakula miaka, sembuse mimi?”

Mazoezi yaliyofuata, Mwalimu alikuja. Tulimpigia makofi. Alisimama mahali pake, shati limefungwa mpaka shingoni, wala hakuinua mkono kutuongoza.

“Sikuwa na homa ya matumbo,” alisema. “Nilimeza maganda ya alizeti mpaka nikaziba. Nilishindwa kwenda haja kubwa. Nilidhani naharisha, kumbe nimefunga. Daktari aliyatoa kwa mkono wake, huku nyuma, nikiwa nimelazwa usingizi. Nusura nife.”

Alilitamka kila neno zima, kama alivyotufundisha. Nyuma, kwa waimbaji wa besi, mtu akacheka. Hakuwa amekusudia, kilimtoka tu. Lakini kicheko ni kama chafya ya kanisani. Mwingine akakidaka, kina mama wakajifunika leso usoni, mabega yakawa yanatikisika, na baada ya muda mfupi kanisa zima lilikuwa linacheka, isipokuwa Mama, Sista na mimi. Mwalimu alingoja. Alisimama vile vile anavyosimama akihesabu mapigo ya kimya katikati ya wimbo.

“Mkimaliza kucheka,” alisema, “mliyo nayo mdomoni mteme. Temeni hapa hapa sakafuni. Nitafagia mimi.”

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyejua afanye nini. Kisha yule mama wa sauti ya kwanza akainamisha kichwa, akatemea maganda kwenye kiganja chake, akayatazama, akaanza kulia. Sista alimshika mkono wakatoka. Siku hiyo hiyo alitibiwa, mapema, kwa bomba na dawa tu. Baada ya wiki chache alikuwa akiimba.

Ningependa kusema kwamba watu walimheshimu zaidi Mwalimu baada ya hapo. Baadhi yetu, ndiyo. Lakini mtaa ni mtaa. Habari ilitoka kanisani ikafika Kibuye kabla ya jua kutua, na ilikuwa imenenepa njiani. Wakambandika jina, Mwalimu Alizeti. Vijana wa bodaboda walimwita hivyo akipita, na wengine wakamwigizia kutembea, mkono nyuma. Yeye hakujibu. Alikuja mazoezi mara chache zaidi, akitusahihisha kwa sauti ya chini, kisha hakuja tena. Mimi na Sista tulikwenda kumsihi. Mama alitupokea mlangoni, akatuambia amelala, ingawa tulimwona miguu chini ya meza. Mwaka haujaisha wakahamia shambani, kule Awasi. Nyumba yao ilipangishwa, na sasa upande wa pili wa ua kuna televisheni.

Nilikutana naye tena mwaka huu, Luanda Kotieno, mahali pa kupandia feri. Nilikuwa napeleka sare za shule Mbita. Asubuhi ilikuwa na upepo, wanunuzi wa samaki walikuwa wanabishana juu ya ndoo zao, na kwenye kivuli cha banda nikamwona Mama ameketi juu ya mzigo, na Mwalimu amesimama kando yake. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lile lile, shingo ndiyo iliyopungua ndani ya kola. Walikuwa wanakwenda kumwona binti yao aliyejifungua ng’ambo ya ziwa.

Tulisalimiana kwa furaha kweli. Mama alinishika mikono yote miwili. Mwalimu aliuliza habari za kwaya. Nilimwambia tumepata mwalimu mwingine.

“Anajua kazi?”

“Anajua. Lakini anatusifu mno.”

Alitabasamu kidogo. Mama alikwenda kuulizia tiketi, na alipofika mbali Mwalimu alinisogelea.

“Nyathina, wewe utanielewa,” alisema. “Maumivu yamerudi.”

“Umerudia alizeti?” nilimwuliza.

Alitazama maji. “Kule shambani, Mama akienda sokoni, niko peke yangu mchana kutwa. Mama anapanda za kuku, zinasimama mbele ya macho yangu. Nilijiambia kidogo tu. Nilijiambia nitatema, maana hakuna mtu wa kuniona.” Alimeza mate. “Ningeweza kutema. Nimejaribu. Natembea hadi mwisho wa shamba, nafungua mdomo, na mdomo unakataa.”

“Mama anajua?”

Alitikisa kichwa. Feri ilikuwa imefika, mlango wake wa chuma ukashuka kwa kishindo, watu wakaanza kusukumana na magunia. Mama alirudi na tiketi mkononi, akainama kunyanyua mzigo. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, kwa sababu Mwalimu alitangulia.

“Mama,” alisema, na ilikuwa ile sauti yake ya kanisani, inayofika ukuta wa nyuma. “Sijaenda haja kubwa tangu Jumapili. Nilikula alizeti tena.”

Wanunuzi wa samaki waligeuka. Mmoja alimgonga mwenzake kiwiko. Mama alibaki ameinama, mkono kwenye fundo la mzigo, na sikuweza kuuona uso wake. Kisha akanyooka. Hakumkemea wala hakulia. Alifungua mzigo, akatoa nguo za mtoto zilizokunjwa, akaniwekea mikononi nimpelekee binti yao.

“Basi hatuvuki,” alimwambia mumewe, akamshika mkono, wakaanza kupanda kuelekea barabarani.